Milango ya Mutalemwa

Jumapili alasiri, Kashai, Bukoba. Mvua ilianza wakati watu wanatoka kanisani na bado haijaamua kama inakata au inaendelea. Miguu imenivimba kwa viatu vya harusi. Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo mapema kwa mazoea ya kazi. Nimekuwa mwandishi wa habari mkoani hapa muda mrefu, na kila kijana aliyepita mikononi mwangu nimemwambia lilelile: jambo kubwa liweke juu, msomaji asilitafute. Basi jambo kubwa la wiki hii si kwamba Alinda, binti wa kaka yangu, ameolewa jana. Jambo kubwa ni kwamba namwonea wivu mtu anayeitwa Mutalemwa, kwa sababu ya gari.

Kwa anayepita ukurasa huu mara ya kwanza: nina gari la spoti nililoliunganisha mwenyewe. Magari ya aina hii huuzwa yakiwa vipande, ndani ya makasha. Unapokea mifupa ya mabomba ya chuma iliyokwisha kuchomelewa, bodi ya faiba, usukani, springi, mifuko ya nati na kitabu cha maelekezo. Injini unatafuta mwenyewe. Yangu niliitoa kwenye gari dogo la saluni la Kijapani ambalo mwenye nalo alikuwa ameligeuza banda la kuku. Gari lina viti viwili, halina paa, na liko chini kiasi kwamba bodaboda akisimama kando yangu pale sokoni naongea na goti lake.

Halina milango pia. Hilo ni muhimu, nitalirudia.

Gari hili halina milango kwa sababu ubavu wake ndio nguvu yake. Bomba la juu la ubavu na bomba la chini yameunganishwa kwa vipande vya mshazari, na kwa pamoja vinabeba uzito wote ulio kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kuingia, unaweka mkono kwenye ubavu, unapitisha mguu mmoja, halafu wa pili, unateremka kitini. Nimefanya hivyo nikiwa na suruali, nikiwa na kitenge, na mara moja nikiwa na bandeji ya goti. Unazoea.

Mutalemwa ana duka la dawa Muleba mjini na anaimba besi kwenye kwaya. Ni mtu wa maneno machache. Alikuja kwangu Jumamosi moja kuliangalia gari, nikampakia mpaka Kyetema na kurudi. Njia nzima hakusema kitu. Aliposhuka aliniomba anwani ya waliouza makasha.

Nilimpa siku hiyohiyo. Nilikuwa nimefurahi. Ukipenda kitu ambacho mkoa mzima hakuna mwingine anayekipenda, unachoka kujieleza, na mimi nilikuwa nimechoka.

Furaha ile haikufika mbali. Mimi nilichukua miaka kumaliza langu, na boneti bado inakaa upande kidogo, kushoto. Yeye alimaliza haraka na kila kitu kikakaa mahali pake. Langu nililipaka kijani, rangi ikatoka na vipele kwa sababu siku ile kulikuwa na unyevu wa ziwani. Lake ni jeupe kama maziwa, na ukiinama unauona uso wako. Langu hukohoa likizimwa. Lake hunguruma kwa sauti moja, kutoka chini mpaka juu, kama yeye mwenyewe akiimba.

Kuna kitu kingine, na hiki ni cha kijinga. Mimi hupima mianya ya bodi kwa sarafu ya mia mbili. Mwanya kati ya boneti na bodi, kati ya mfuniko wa buti na bodi: sarafu ikipita kwa kubanwa kidogo, kazi ni nzuri. Kwangu sarafu inapita sehemu nyingine na nyingine inadondokea ndani. Kwa Mutalemwa inapita kila mahali, kwa mbano uleule. Najua kwa sababu kila ninapofika Muleba kufuatilia habari za kahawa hutafuta kisingizio cha kwenda kumsalimia, nikasubiri aingie ndani kuleta chai, nikatoa sarafu.

Sijawahi kumkuta na kosa. Nimekunywa chai nyingi sana Muleba.

Sasa harusi.

Alinda alipokuwa sekondari alikuwa akija Kashai wikendi, anakaa kwenye kiti cha gari langu kabla hakijafungwa kwa bolti, anasoma. Aliwahi kusema kwamba siku akiolewa nitamwendesha humo. Watoto husema mambo. Sikumkumbusha kamwe. Lakini mwezi uliopita kaka aliponipigia kuniambia kwamba bibi harusi ataondoka Kagondo mpaka kanisani Muleba kwa gari la spoti, nilianza kumweleza kwamba itabidi nibadilishe springi za nyuma. Akaniacha nimalize. Halafu akasema ni gari la Mutalemwa.

Sababu aliyonipa ilikuwa ya haki. Langu halina milango. Bibi harusi wa kwetu hatoki nyumbani kwa baba yake akirusha mguu juu ya ubavu wa gari, na wajumbe wa upande wa bwana harusi wamesimama uani wanaangalia. Nilimwambia kaka kwamba la Mutalemwa nalo halina milango, yote mawili yametoka kiwanda kimoja. Kaka akasema, ameiweka.

Nilikaa na simu mkononi baada ya kukata. Mutalemwa alikuwa amekata ubavu, akatia milango.

Nilijiambia kwamba kinachonikera ni ufundi. Si kweli. Kilichonikera ni kwamba mimi sikuwahi kulifikiria. Miaka yote hiyo nililitazama gari lisilo na milango na kuona gari lisilo na milango. Yeye aliona msichana mwenye gauni refu.

Alilileta Ijumaa jioni, Kagondo. Hii ni Kagondo ya hapa manispaa, si ile ya Muleba. Migomba inaanzia ukutani mwa nyumba ya kaka, na uani walikuwa wameshafunga turubai. Gari jeupe liliingia polepole kati ya viti vya plastiki na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaacha visu. Watoto walilizunguka. Wazee walikuwa wanatafuna punje za kahawa, wakaacha kutafuna.

Langu lilikuwa limeegeshwa pale tangu mchana. Hakuna aliyekuwa ameacha kisu.

Mutalemwa akazunguka, akafungua mlango wa upande wa abiria. Ulifunguka bila sauti. Bawaba amezificha ndani, kitasa ni kidogo, cha saluni ya zamani, na amekipaka kromu. Alinda alikuja na kandambili na kanga, akaketi kama anaketi sofani, akafunga mlango kwa kidole kimoja. Akacheka. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Kulipopoa nikaenda na sarafu. Gari lilikuwa tupu. Nikaipitisha kuuzunguka mlango wote, chini, mbele, nyuma. Mbano mmoja. Nililala na hilo.

Jana asubuhi niliamka nikavaa sare ya mashangazi, kitenge cha zambarau na lemba. Ieleweke nafasi yangu ilikuwa ipi. Kwetu shangazi ndiye anayemtoa binti ndani. Anamshika mkono chumbani, anampitisha sebuleni mbele ya wazee, anamfikisha kwenye gari na kumketisha. Hamwachii mpaka amekaa. Kwa hiyo hata kama siendeshi, mkono wangu ndio uliotakiwa kumwingiza Alinda kwenye gari la Mutalemwa na kufunga ule mlango.

Wakati Alinda anapambwa, Mutalemwa aliingia garini kupasha injini moto. Kaka alikuwa amechoka kusimama, akaomba kukaa kidogo kwenye kiti cha abiria. Kaka yangu ni mwalimu mstaafu na ni mzito. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Nilitoa sarafu bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Haikuingia.

Nikajaribu ukingo wa nyuma wa mlango. Haikuingia. Huko juu, mahali ambapo Ijumaa sarafu ilikuwa inapita vizuri, mwanya ulikuwa umefunga. Nikashusha mkono mpaka chini ya ukingo huohuo. Huko mwanya ulikuwa umepanuka.

Naandika sasa kilichotokea kichwani mwangu, kwa mpangilio wake. Kwanza, nilifurahi. Si kidogo. Furaha ilinipanda mpaka shingoni. Nilimpata Mutalemwa na mwanya mbaya, mbele ya ukoo mzima, siku ya kazi. Niliondoka na furaha yangu mpaka jikoni, nikapewa kikombe cha chai ya maziwa, nikainywa nikiwa nimesimama.

Ni katikati ya kile kikombe ndipo nilipojiuliza kwa nini mwanya unafunga juu na kupanuka chini.

Jibu ni moja tu. Gari lilikuwa linapinda. Ili kupata milango, Mutalemwa alikata bomba la juu la ubavu, kulia na kushoto, na vile vipande vya mshazari. Uzito wote ukabaki kwa bomba la chini peke yake. Likiwa tupu, linasimama. Likiwa na watu wawili, linalegea katikati kama kitanda cha kamba. Na Muleba si hapo nje ya geti. Kuna matuta kila kijiji, na kuna miteremko ya Muhutwe.

Mlango unaobanwa na gari linalopinda haufunguki. Hilo ndilo dogo kati ya mawili; kubwa ni bomba kukatika njiani.

Nilijua pia kitakachotokea nikisema. Ukoo mzima unajua nilivyotarajia. Kwa miaka mingi nimesema jambo na watu wakaliamini kwa sababu nimelisema mimi, hata lilipowaudhi. Jana, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na habari ya kweli na nilikuwa mtu wa mwisho anayefaa kuipeleka.

Nilifanya ninachofanya siku zote nikiwa na chanzo kimoja tu. Nilitafuta cha pili. Kaka alipokuwa ameshashuka na Mutalemwa amezima injini kwenda kuvaa koti, nilichukua gunia la ndizi, nikalitandika kando ya gari, nikavua lemba, nikalala chali na kitenge changu cha zambarau, nikaingiza kichwa chini na tochi ya simu.

Upande wa abiria, kwenye bomba la chini, karibu na mahali nguzo ya mlango ilipochomelewa, rangi nyeupe ilikuwa na mstari. Mwembamba, kama unywele. Niliusugua kwa kucha. Kutu mpya ikatoka kwenye kucha. Bomba lilikuwa limeanza kupasuka, na bila shaka lilianza Ijumaa, njiani kutoka Muleba, likiwa na mtu mmoja.

Nilipotoka chini, miguu ilikuwa mingi kunizunguka. Shemeji yangu, mama wa Alinda, ndiye aliyesema kwanza, akiwaambia wenzake bila kunitazama.

"Mwacheni shangazi. Anatafuta pa kumfungua nati mwenzake, ili abebe bibi harusi kwenye lile beseni lake la kijani."

Walicheka. Ningekuwa mimi ningecheka. Lilikuwa tusi zuri, na gari langu kweli linafanana na beseni.

Nikamwambia kaka kwamba gari la Mutalemwa lisiondoke na Alinda. Nilimweleza kwa nini, kwa sentensi fupi, kama ninavyosoma taarifa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wajumbe wa upande wa pili walikuwa wamekaa hatua chache kutoka pale, wanajifanya hawasikii.

"Kemi, waitu," akasema kwa sauti ya chini, kwa lile neno letu la kubembeleza. "Siyo leo."

"Ni leo, kaka. Kesho halitakuwa na maana."

"Mtu ametoka Muleba na gari lake. Amekata milango kwa ajili ya mtoto wetu. Wewe unalala chini mbele ya wakwe, unachokora."

Hapo Mutalemwa akatokea, amevaa koti la suti na ua kifuani. Alisimama akatazama gunia, kitenge changu, kucha yangu. Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alikasirika, ingenisaidia.

"Ma Kemi," akasema, "niambie kitu kimoja mbele ya hawa. Hili ni bomba, au ni wivu?"

Uani watu waligeuka. Hata waliokuwa jikoni walisogea mlangoni.

"Vyote viwili, Ta Muta," nikamwambia, kwa heshima ileile. "Wivu ninao, tangu siku ulipolipaka rangi. Na bomba limepasuka."

Sijui kama kuna siku nyingine nimejibu swali kwa ukamilifu kama huo.

Mutalemwa hakubishana. Alimwomba kaka aketi tena kwenye kiti cha abiria. Yeye akaingia upande wa dereva. Wakafunga milango. Kisha akawaita vijana wawili wa kwaya wakae kwenye mfuniko wa nyuma, kuiga mshtuko wa tuta, akawaambia wadunde kidogo. Walidunda. Tulisikia mlio mmoja mdogo, mkavu, kama kijiti.

Akamwambia kaka afungue mlango wake.

Kaka alivuta kitasa. Akavuta tena. Akausukuma kwa bega. Mlango haukufunguka. Mutalemwa akajaribu wa kwake, nao haukufunguka. Akawatoa vijana nyuma, akashika usukani kwa mikono miwili. Halafu akaweka mkono kwenye ubavu, akapitisha mguu mmoja na suti yake, akapitisha wa pili, akaruka chini. Vilevile ninavyofanya mimi kila siku. Kaka alihitaji watu watatu.

Hakuna aliyecheka.

Mutalemwa akaenda mbele ya wajumbe wa bwana harusi, wote wakiwa wamekaa, akawaambia kwamba gari alilolileta lina hitilafu, kwamba hitilafu ameitengeneza yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kwamba Ma Kemi ameiona kabla haijamgharimu mtu. Alisema jina langu mara mbili. Akaomba radhi kwa kuchelewesha. Alisema yote hayo kwa sauti yake ya besi, bila haraka, na alipomaliza, mzee mmoja wa upande wa pili akasimama kumpa mkono.

Mimi nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimesema kweli, kwa ushahidi, na imethibitishwa hadharani. Na mtu aliyepewa mkono ni yeye.

Nilimtoa Alinda chumbani kama inavyotakiwa. Alikuwa ameambiwa. Chini ya shela macho yake yalikuwa mekundu. Nilimshika mkono, nikampitisha sebuleni mbele ya wazee, nikamtoa nje. Tulipita kando ya gari jeupe. Akapunguza mwendo, midomo yake ikiwa karibu na sikio langu.

"Umefurahi sasa, shangazi?"

Nilimketisha kwenye saluni ya baba yake, iliyofungwa maua haraka haraka, nikakunja gauni lake ndani, nikafunga mlango. Swali lake nimekuwa nalo tangu jana na nitalijibu hapa, kwa kuwa hapa hasomi. Ndiyo, nilifurahi. Kisha niliogopa. Viwili hivyo havikufuatana na kufutana, vilikaa pamoja, na bado vimekaa.

Mutalemwa hakuwa na usafiri wa kwenda Muleba isipokuwa kiti changu cha pili.

Tulitoka Bukoba nyuma ya msafara. Alikuwa amevua koti na kulikunjia magotini. Nilikuwa namsubiri aseme lolote kuhusu bomba, anilaumu au anishukuru, nimjibu. Baada ya Kemondo akainamisha kichwa upande wa injini, akasikiliza, akasema kabureta ya nyuma inachelewa kuliko ya mbele, kidogo tu, na kwamba pengine ndiyo sababu gari hukohoa likizimwa.

Nimeishi na kikohozi kile miaka. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha bomba la ekzosi, nimelaumu mafuta. Anakaa kwenye kiti changu safari moja, siku aliyoaibika mbele ya kata nzima, na anasikiliza injini yangu.

Nikamwambia nitaangalia. Tukaendelea.

Muhutwe kwenye mteremko watu walitoka barabarani kutupungia. Mmoja akaita jina la Mutalemwa. Alidhani ni gari lake, limepakwa rangi upya.

Sitaandika ibada. Ilikuwa nzuri, Alinda alijibu kwa sauti inayosikika, na mchungaji hakurefusha mahubiri. Nitaandika picha. Picha za familia zilipigwa kanisani, kama kawaida. Jioni wageni waliporudi Kagondo kuchukua vitu, walikuta gari jeupe bado limesimama uani chini ya turubai, na kila mmoja alipiga nalo picha. Mama wa Alinda aliketi juu ya boneti. Langu nilikuwa nimelirudisha kando yake. Kwenye picha nilizotumiwa mpaka sasa linaonekana mara moja, tairi ya mbele tu.

Gari limepasuka katikati, haliwezi kwenda popote, na bado ndilo linalopigwa picha.

Nimejaribu leo asubuhi kutafuta hasa ninachomwonea wivu, kwa sababu nikiandika habari ya mtu mwingine ningeuliza hivyo. Nilianza na rangi. Nikaenda kwenye mlio. Nikaenda kwenye mianya, halafu kwenye wazo la milango lenyewe. Vyote ni kweli, lakini naona sasa ni vidogo. Ninachokiona kila nikifumba macho ni yeye amesimama mbele ya wale wazee, ua kifuani, akisema kosa ni lake, kwa mkono wake. Hakujieleza. Hakusema alifanya kwa nia njema, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Mimi nikikosea jina la mtu gazetini huwa naandika masahihisho mafupi kadiri inavyowezekana na kuyaweka ukurasa wa ndani.

Kumwonea mtu wivu wa gari kuna dawa. Unachukua spana. Hili lingine sijui unalianzia wapi.

Sasa sehemu ya leo, ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Baada ya ibada ya leo nilikuta ujumbe wa Mutalemwa. Lori la rafiki yake litakuja Kagondo kesho kulibeba gari kulirudisha Muleba. Fundi wa kuchomelea yuko tayari, na anachotaka kujua ni kitu kimoja: milango izibwe, ubavu urudishwe ulivyotoka kiwandani, au kuna namna ya kuibakiza? Kitabu cha maelekezo hakisemi. Ameandika hivi: "Wewe gari lako halijawahi kupinda. Ukisema nizibe, naziba. Sitaulizia kwingine."

Nilikaa na ujumbe huo tangu saa hizo mpaka sasa.

Nikisema ziba, sitakuwa nimedanganya. Ni ushauri salama, mtu yeyote mwenye akili angeutoa. Gari lake litarudi kuwa kama langu, la kuruka ubavu, na harusi ijayo hakuna bibi harusi atakayepanda lolote kati ya mawili. Hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na jibu jingine. Ni mimi tu mkoa mzima ninayelijua gari hili kiasi hicho.

Na jibu jingine lipo. Nililiona jana nikiwa chali kwenye gunia, kabla hata sijautafuta ufa, na nilijisikia vibaya kwa jinsi lilivyo rahisi. Chini ya kila mlango kuna nafasi ya kutosha bomba la pili, nene zaidi, lichomelewe sambamba na lile la sasa, na kati yake sahani ya chuma. Nguzo za mlango zishikwe kwa pembetatu mbele na nyuma. Handaki la katikati, linalopitisha shafti, lifunikwe juu kwa bati nene ili nalo libebe. Mlango utapungua kimo kidogo, kizingiti kitapanda. Mwanamke mwenye gauni refu bado ataingia bila kurusha mguu. Gari litakuwa gumu kuliko lilivyotoka kiwandani, na pengine gumu kuliko langu.

Nimeyaandika yote hayo kwenye ujumbe. Niliuandika kwa kirefu, na unene wa bomba, na mahali pa kuanzia kuchomelea ili chuma kisivute upande mmoja. Nikachora kwenye karatasi, nikapiga picha, nikaambatisha. Halafu nikaweka simu mezani, nikaenda kufua kitenge cha zambarau, ambacho tope lake la Kagondo halitoki.

Nilirudi, nikausoma tena. Nilitafuta kosa ndani yake, ili nipate sababu ya kusubiri mpaka kesho. Hakukuwa na kosa.

Nikautuma.

Kwa hiyo gari la Mutalemwa litaendelea kuwa zuri kuliko langu, na safari hii litakuwa hivyo kwa mchoro wangu. Nilidhani nikishatuma nitajisikia mwepesi. Sijisikii hivyo. Najisikia kama mtu aliyemaliza kazi ya zamu.

Jibu limekuja sasa hivi, nikiwa naandika aya hii. Ameshukuru. Amesema ameelewa mchoro, isipokuwa pembetatu ya nyuma, ambayo tutazungumza. Halafu akaongeza mstari mmoja: "Lete na lako, Ma Kemi. Tukate milango ya yote mawili kwa kipimo kimoja. Na ile kabureta nitaipanga."

Nimeiweka simu mezani.

Mvua imekata. Nimechukua tepu ya kupimia na chaki, natoka kwenda kuupima ubavu wa gari langu, nione kama nafasi ya bomba la pili ipo.